Namba Saba Hashuki Kukaba: Jinsi ya Kumfundisha Bila Kumzima

Nilicheza namba mbili, yaani beki wa kulia, miaka 9. Katika miaka hiyo walipita mbele yangu namba saba, mawinga wa kulia, wanne: watatu wachapakazi, mmoja mwenye kipaji. Huyo mmoja ndiye aliyenimaliza magoti. Akipata mpira, uwanja mzima unanyanyuka. Akiupoteza anasimama, mikono kiunoni, anamwangalia mwamuzi kama anayemdai, na mimi nabaki na watu wawili wananijia: winga wao, na beki wao wa kushoto aliyepanda kwa raha zake kwa kuwa hakuna anayemfuata. Mechi ikiisha yeye anasifiwa kwa chenga, mimi naulizwa mbona nilipitwa.

Nilipoanza kufundisha vijana nilikuja na kinyongo hicho, nikakimalizia kwa mtoto asiyehusika. Nilimkuta namba saba wa miaka 16, mguu wa kushoto anayecheza kulia, mwepesi, mpira umemganda mguuni. Nikampa sheria moja: beki wao akipanda, shuka naye mpaka kwenye goli letu. Akatii. Mechi sita alicheza kama beki wa pili. Mpira ulipokuwa ukimfikia, goli la wapinzani liko huko mbali, yeye anahema, na akifika mbele hana pumzi ya kumpiga chenga hata koni. Mechi ya saba ndiyo iliyonishtua. Alipewa mpira akiwa ana kwa ana na beki, nyuma ya yule beki kuna nafasi tupu ya kutosha kuchoma moto, na yeye akaurudisha kwa kiungo. Ilikuwa dakika ya 12, kwa hiyo si uchovu. Aliogopa kuupoteza, maana alishajifunza kwamba akiupoteza atakimbia mita 60 kurudi.

Haya ninayoandika hapa ni yale niliyofanya kumrudisha yule kijana, na baadaye kuwalea wengine watatu wa aina yake. Wa kwanza bado nadhani nilimchelewesha mwaka mzima.

Hesabu kwanza, foka baadaye

Kila kocha mwenye winga wa aina hii anasema "hakabi". Ukimuuliza hakabi wapi na lini, anaanza kuyumba. Chukua karatasi, mpe msaidizi wako au mchezaji majeruhi aliyekaa benchi, kwa sababu wewe huwezi kuongoza mechi huku ukimfuatilia mtu mmoja. Aandike mambo matatu tu: mpira ulipotea sehemu gani ya uwanja, winga alifanya nini sekunde tano za kwanza, na beki wetu wa upande wake alikuwa wapi wakati huo. Fanya hivyo mechi mbili.

Karatasi yangu ya kwanza ilinisuta. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba shida ni kushuka. Karatasi ikaonyesha kwamba kila tulipopata hatari upande ule, mpira ulikuwa umepotea karibu na mstari wa katikati, huku namba mbili wetu ameshampita winga kwa kupanda. Mipira aliyopoteza kule mbele, jirani na kumi na nane yao, yaani eneo la penalti, haikutuletea shida hata mara moja. Ikipotea huko, wapinzani wana safari ndefu na sisi tuna watu nyuma.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya kukaba niliyompa haikuhusu kukaba. Ilihusu mahali pa kupiga chenga. Ndani ya nusu yetu, miguso miwili, mitatu ikizidi sana. Kuanzia katikati hadi kama mita 30 kutoka goli lao, angalia nyuma yako: namba mbili yupo? Piga chenga. Ameshapanda? Basi malizia au toa, yaani pasi, krosi, au hata uutoe nje, lakini mpira usife mguuni mwako ukiwa hapo. Kutoka hapo kwenda mbele, fanya unachotaka. Kanzu, tobo, geuka mara tatu, mimi sina neno.

Na lazima kweli usiwe na neno. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa kocha. Akipoteza mara sita mfululizo kule mbele, nyamaza. Mimi niliwahi kuvunja ahadi mara moja, nikampigia kelele baada ya kanzu iliyogoma, na dakika 30 zilizofuata kila mpira ulirudi nyuma. Niliupata ukimya wangu kwa kutafuna kamba ya filimbi. Tafuta chako cha kutafuna.

Usimwambie "kaba", mwambie kazi ipi

Neno "kaba" ni gunia. Ndani yake kuna kazi nne zenye bei tofauti, na makocha wengi wanamtwika mchezaji gunia zima.

Kazi ya kwanza ni sekunde tano baada ya kuupoteza. Hii anaifanya kila mara, bila msamaha, kwa sababu ni rahisi: yuko jirani na mpira kuliko mtu yeyote, na aliyeunyang'anya bado hajanyanyua kichwa. Simtaki aupate. Nataka hatua tano kali za kuziba njia ya pasi ya mbele. Pasi ikimpita, kazi imekwisha, atembee.

Ya pili ni kufunga ndani. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, asibaki kwenye chaki, mstari wa pembeni, anasubiri aitwe. Aingie mpaka usawa wa ukingo wa kumi na nane. Haimchoshi, ni kutembea tu, lakini ile pasi ya kuhamisha mchezo ikija, anatoka ndani kwenda nje akiwa anaiona, badala ya kushtukizwa nyuma ya mgongo.

Ya tatu ni kumpa presha beki anayeanzisha mchezo. Ya nne ndiyo ile ghali: kushuka mpaka chini na beki wao.

Hiyo ya nne naitaka mara mbili tu. Kwanza, namba mbili wetu akiwa amekwama peke yake na watu wawili na kiungo wetu hajafika. Pili, dakika kumi za mwisho tukiwa tunaongoza. Nje ya hapo, abaki juu.

Hapa ndipo mtu huniletea habari ya Samuel Eto'o. Tarehe 28 Aprili 2010, nusu fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa, Inter ya kocha Mourinho iko Camp Nou, nyumbani kwa Barcelona. Thiago Motta anapewa kadi nyekundu dakika ya 28, na Eto'o, straika ambaye mwaka mmoja kabla alifunga katika fainali akiwa na Barcelona hiyohiyo, anamaliza usiku akicheza kama beki wa pembeni. Inter wakafungwa 1-0, wakapita kwa jumla ya 3-2, wakachukua kombe. "Kama Eto'o alishuka, huyu mtoto wako ni nani?" Sawa. Lakini tazama hali yenyewe: watu kumi, uongozi wa kulinda, fainali iko mbele yao, na mwanaume wa miaka 29 aliyejua hasa anachokilipia. Usiku kama ule hauji kila Jumamosi. Ukimwamsha kijana kila wiki kwa king'ora cha Camp Nou, siku ya moto wenyewe hatanyanyuka.

Beki gani anakukera?

Winga mwenye kipaji akifika kukaba, kosa lake ni lilelile: anatia mguu. Amezoea mambo yaishe upesi. Anakuja mbio, anarusha mguu, anapitwa au anafanya faulo, kisha anainua mikono.

Nilijaribu kumfundisha kwa maneno ya vitabuni, kaa upande, shusha kiuno, chelewesha. Alikuwa ananiitikia "ndiyo kocha" huku anaangalia ndege. Siku moja baada ya mazoezi, wenzake wanakusanya koni, nikamkalisha juu ya mpira.

"Beki gani anakukera kuliko wote?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yule asiyetia mguu."

"Kwa nini?"

"Anarudi tu nyuma, kocha. Ananiangalia mpira, haangalii mwili. Nikimdanganya hadanganyiki. Halafu wenzake wanafika."

"Na yule anayekuja kwa kasi?"

Akacheka. "Huyo nampenda."

"Basi wewe Jumamosi ulikuwa huyo anayependwa."

Hakujibu, lakini kesho yake nilimwona anarudi kinyumenyume mbele ya winga mwenzake, hatua fupifupi, mguu mmoja mbele, anamsukumia kwenye chaki. Ujuzi wote wa kukaba alikuwa nao tayari, ameujua akiwa upande wa pili. Kama una kijana wa hivi, usianze na somo. Muulize swali hilo, naye atajifundisha nusu ya kazi.

Mita chache za mwisho ndizo muhimu. Aende kwa kasi mpaka abakize kama mita 3, hapo avunje mwendo na kupiga hatua ndogo. Ndani ya kumi na nane yetu mguu ni haramu kabisa. Ousmane Dembélé alijifunza hilo mbele ya dunia nzima: fainali ya Kombe la Dunia 2022, Ángel Di María wa Argentina kamgeuza, Dembélé wa Ufaransa anamkimbilia kwa nyuma, anamgusa, penalti, Messi anafunga dakika ya 23. Dakika ya 41 Dembélé akatolewa. Tabia ya kushuka alikuwa nayo. Kilichokosekana ni namna ya kufika.

Namtaja Dembélé kwa sababu habari yake ina sehemu ya pili, na nawaonyesha vijana wangu zote mbili. Tarehe 31 Mei 2025, Munich, PSG wanaifunga Inter 5-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Tazama Dembélé wakati kipa wa Inter, Yann Sommer, ana mpira. Anasimama kama mkimbiaji anayengoja mlio wa bastola, ameinama, macho kwa kipa, na mguso ukiharibika kidogo tu, anaondoka. Luis Enrique, kocha wa PSG, alisema baadaye kwamba angempa tuzo ya Ballon d'Or kwa jinsi alivyokaba. Septemba ya mwaka huo akaichukua. Kumbuka kwamba alikuwa anakabia juu, jirani na goli la wapinzani, mahali ambapo akiupata mpira anabaki na kipa. Kwa mtu mwenye njaa ya magoli, hiyo ni kazi inayoeleweka. Kushuka mita 60 kumfuata beki haieleweki kwake, na sioni sababu ya kumlaumu.

Mazoezi mawili, na adhabu niliyoifuta

La kwanza naliita ujia. Pembeni mwa uwanja weka koni upate eneo la mita 15 kwa 40, magoli madogo kila upande. Wawili kwa wawili: winga na namba mbili wake dhidi ya winga na beki wake. Mpira ukipotea, nahesabu kwa sauti, moja mpaka tano. Ukirudishwa ndani ya hesabu, goli litakalofuata linahesabiwa mawili. Basi. Dakika mbili mbili, kisha wapumzike vya kutosha, maana ukiwachosha watakimbia ovyo na utakuwa unafundisha uvivu.

Zamani zoezi hili lilikuwa na adhabu. Asiyerudi anapiga pushapu kumi. Kijana wangu akagundua haraka kwamba akirudi kwa kukimbia kizembe, mbio za kumridhisha kocha, pushapu hazimpati. Kwa hiyo nilikuwa namfundisha kuigiza. Nilipoweka goli la mawili, uso ulibadilika. Sasa kuupoteza mpira kuligeuka mlango wa bao. Nimewahi kumwona akimpasia adui makusudi ili aunyang'anye tena, na hilo nalo ikabidi nilitungie sheria.

La pili ni kivuli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo linalonilipa zaidi. Beki wa kati wa wapinzani ana mpira. Beki wao wa pembeni amesimama kwenye chaki. Winga wangu yuko kama mita 12 kutoka kwa mwenye mpira. Akienda moja kwa moja, pasi inatoka kwenda pembeni, winga amepitwa, na nyuma yake tumebaki wachache. Kwa hiyo aende kwa upinde: aanzie nje, akate kuja ndani, ili muda wote beki wa pembeni awe nyuma ya mgongo wake, kwenye kivuli chake. Anamkaba mmoja kwa miguu na mwingine kwa mgongo. Mwenye mpira analazimika kucheza ndani, ambako viungo wetu, namba nane na namba sita, wanasubiri. Liverpool ya Klopp ilifanya hivi kwa miaka na Salah na Mané, na ndiyo maana mara nyingi walikuwa wanaanza shambulizi wakiwa tayari wako juu.

Upinde hauelezeki kwa mdomo. Nilichukua kamba, nikailaza chini ikiwa imepinda kama mundu, nikamwambia akimbie juu yake. Mara kumi polepole, mara kumi kwa kasi. Kisha nikaitoa kamba. Alipoanza tena kwenda moja kwa moja, niliirudisha bila kusema kitu. Ilichukua wiki tatu.

Lini aende? Asiende kila mara, atakufa. Mpe ishara moja kwanza: beki akitupa mgongo. Akiishika, ongeza ya pili, mpira unaodunda. Kisha pasi fupi mno, kisha mpira ulioangukia mguu dhaifu. Nimeona makocha wanamwaga ishara sita siku moja, na Jumamosi kijana anasimama anawaza.

Mtu mwingine lazima alipe

Kazi uliyomwondolea winga haikuyeyuka. Kuna mtu ataifanya, na ni vizuri umjue kwa jina kabla ya mechi.

Brazil walilijua hili mwaka 1958. Kulia walikuwa na Garrincha, na nani angemwambia Garrincha ashuke? Kushoto wakamweka Mário Zagallo, winga aliyekuwa anarudi kati kusaidia viungo, mpaka ule mfumo wa washambuliaji wanne ukawa nusu wa watatu. Jina lake la utani lilikuwa Formiguinha, yaani sisimizi kwa lugha yetu. Sisimizi huyo alifunga bao katika fainali waliyoshinda 5-2 dhidi ya Sweden. Miaka 60 baadaye Ufaransa walikunja jamvi lilelile: Kylian Mbappé kulia akiwa na uhuru, Blaise Matuidi, kiungo kabisa, amesimamishwa kushoto kusawazisha mizani. Wakabeba kombe la 2018.

Mimi sina Matuidi. Nina namba kumi na moja, winga wa kushoto, mwenye mapafu na namba nane asiyelalamika. Tukishambulia tuko 4-3-3. Tukipoteza, tunakuwa 4-4-2 iliyopinda: kumi na moja anashuka kwenye mstari wa viungo, nane anasogea kulia kumfunika namba mbili, na namba saba anabaki juu pamoja na straika. Namba mbili wangu nimemchagua anayependa kubaki. Kumpa winga wa hivi beki mwenye kiu ya kupanda ni kujenga nyumba ya milango miwili isiyo na komeo.

Tatizo ni kwamba namba nane ana moyo. Baada ya mwezi nilianza kumsikia akinong'ona kwamba kuna wachezaji na kuna watumishi. Alikuwa sahihi, na maneno hayo niliyafahamu vizuri, niliyasema mwenyewe miaka 9. Nilichofanya ni hiki: mazoezi ya Jumatano nikawabadilisha, namba saba acheze nane dakika 20, nane acheze saba. Dakika ya 15 kijana akaja pembeni, mikono magotini.

"Kocha, huyu anakimbia hivi kila siku?"

"Muulize mwenyewe."

Sijui walizungumza nini. Tangu hapo, akifunga, wa kwanza kumkimbilia ni namba nane.

Mkataba huu una upande wa pili, na useme wazi tangu mwanzo. Mohamed Salah alieleza mwenyewe kwamba alimwomba kocha wake, Arne Slot, ampunguzie mzigo wa kukaba, naye angelipa kule mbele. Msimu huo wa 2024-25 alimaliza Ligi Kuu ya Uingereza na magoli 29 na pasi za magoli 18, na Liverpool ikawa bingwa. Alilipa. Kijana wako asipolipa kwa mechi tano, mazungumzo yanafunguliwa upya. Kwa vijana siangalii magoli peke yake. Nahesabu mara ngapi amemfanya beki mwingine aje kusaidia, mara ngapi ameingia kumi na nane na mpira, krosi ngapi zimemkuta mtu.

Na kuna malipo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi: winga hatari anamkaba beki wake kwa kumtisha tu. Akisimama juu, kwenye chaki, beki wa wapinzani anajishauri mara mbili kabla ya kupanda, na mara nyingi anabaki na mwenzake mmoja wa kumlinda. Hao ni watu wawili umewafunga bila kutoa jasho. Rudi kwenye ile fainali ya 2022. Di María aliwatesa Ufaransa upande wa kushoto, akasababisha penalti, akafunga bao la pili. Dakika ya 64 akatoka, akaingia Marcos Acuña, ambaye kazi yake ya asili ni beki. Inaonekana ni hesabu nzuri: unaongoza 2-0, punguza msanii, ongeza mlinzi. Dakika ya 80 na 81 Mbappé akafunga mara mbili. Sisemi mabadiliko yale ndiyo yaliyoleta mabao. La kwanza lilikuwa penalti, iliyotokana na Otamendi wa Argentina kumwangusha Kolo Muani. Ninachosema ni kwamba upande ule uliacha kuwapa Ufaransa hofu, na timu isiyo na hofu inapanda. Kabla ya kumtoa winga wako kwa ajili ya "usalama", muulize beki wao wa kushoto anamwomba Mungu nini. Anaomba umtoe.

Maneno ya pembeni mwa uwanja

Nina matatu tu. "Tano!" maana yake sekunde tano, nenda. "Ndani!" maana yake mpira uko kule, funga. Na "Kaa!" maana yake usishuke, baki juu, nakuruhusu. Neno hili la tatu ndilo lililobadilisha uhusiano wetu. Siku zote alikuwa amezoea sauti ya kocha kuwa fimbo ya kumrudisha. Aliposikia sauti hiyohiyo ikimwambia abaki, akaanza kuyaamini na yale mengine mawili. "Rudi!" nimelifuta. Halimwambii arudi wapi wala afanye nini akifika.

Kumkemea mbele ya wenzake wakati wa mapumziko, usijaribu. Mvute kando, jambo moja, sekunde 30.

Walio chini ya miaka 13 waachie tu zile sekunde tano na uwaache wacheze. Mengine yatawakuta.

Ukikutana na beki wa kushoto mwenye moto, anayepanda hata akitishwa, mhamishe winga wako upande wa pili dakika 20, au mlete kati nyuma ya straika ili aanze kukabia viungo. Mara mbili nimelazimika kumweka benchi kabisa, na mara zote mbili nilimwambia siku moja kabla, uso kwa uso, pamoja na sababu. Alinuna. Kununa kunapita.

Limebaki la kona, maana huulizwa sana. Wapinzani wakipiga kona, simrudishi langoni. Anasimama nusu yetu ya uwanja, hatua moja kabla ya mstari wa katikati, kwa sababu ukiwa upande wako hakuna kuotea, na anasimama karibu na chaki, si katikati, maana mipira mingi ya kuokoa huangukia pembeni. Wataacha watu wawili kumlinda, pengine watatu, na hao si warefu watakaoruka kichwani mwa kipa wangu. Kona zetu sisi anapiga yeye. Akishapiga haruhusiwi kurudi mbio. Anabaki pale pale pembeni, kwa sababu ukiokolewa mpira mara nyingi unatoka upande wake, na zile sekunde tano zinaanza.

Wiki iliyopita alisahau. Alipiga, akageuka na kuanza kushangilia mpira ukiwa bado hewani, mikono juu, mgongo ameupa goli. Nikafungua mdomo kumpigia "Tano!" Namba tano wetu akaruka, akaupiga kichwa, ukaingia. Nikaurudisha mdomo wangu kwenye kamba ya filimbi.